Msikizi wa Nyumba ya Shela

Ujumbe uliingia asubuhi, kabla sijamaliza kufuta vumbi kwenye makabati ya vioo. "Mpendwa mshirika," ndivyo wanavyotuita sisi wenye maduka wanapotaka kutupa habari mbaya. Kuanzia mwanzo wa mwezi ujao, huduma ya Msikizi kwa lugha ya Kiswahili ingesitishwa, kwa sababu ya mabadiliko ya mazingira ya biashara duniani. Chini yake waliweka picha ya mikono miwili imeshikana. Niliusoma mara mbili, kisha nikaendelea kufuta vumbi kwa nguvu hata msaidizi wangu, Kambi, akaniuliza kile kioo kimenikosea nini.

Mimi ni Fahima, na duka langu liko Barabara ya Lamu hapa Malindi. Nauza simu za Solanda. Juu ya mlango jina la Solanda ni kubwa kuliko langu, na ni haki yake, maana ni kampuni ambayo simu zake zimo mifukoni mwa watu katika nchi nyingine hata kuzitaja siwezi sawasawa. Msikizi yumo ndani ya simu hizo. Unaiweka simu mezani, mtu akisema, maneno yake yanaandikwa kwenye kioo. Wateja wengi walimfanyia mchezo siku mbili tatu wakamsahau. Mjomba wangu Mahdi hakumsahau, kwa sababu kwake yeye Msikizi ndiye aliyekuwa sikio.

Mjomba ni mtu wa Amu, kisiwani Lamu, mshonaji wa kofia. Alikuja Malindi akiwa kijana, akaoa mtaa wa Shela wa hapa hapa, na Malindi ikamchukua. Cha kwao kilichombakia ni ulimi, Kiamu chake. Miaka michache nyuma aliugua homa ya uti wa mgongo, akatoka hospitali na roho yake, masikio yakabaki huko. Mkewe, Bi Ruqaiya, hakumlilia. Wakajitungia ishara zao wenyewe. Kugusa kifundo cha mkono maana yake sala imefika, kuvuta ncha ya mtandio maana yake kuna mgeni mlangoni, na nyingine sikuzijua wala hazikunihusu. Bi Ruqaiya akisema, Mjomba alikuwa akimkazia macho mdomoni mpaka mwenyewe akaona haya. "Huyu mume," aliniambia siku moja, "hata siku ya kunioa hakunitazama hivi."

Kisha nikawapelekea simu. Zile ishara zikafifia, hakuna aliyezikataza. Mjomba akawa anashona kofia yake, simu imesimamishwa mbele yake kwenye jamvi, Bi Ruqaiya anasema kutoka jikoni, yeye anasoma na kujibu. Msikizi hakuchagua cha kuandika. Aliandika ugomvi wa majirani, aliandika na bei ya samaki wa mpita njia, hata Mjomba akawa na habari za mtaa kuliko alipokuwa na masikio mazima. Bi Ruqaiya akimwita Msikizi mke mwenza, kwa vile mume alikuwa haachi kumtazama. Tulicheka sana katika nyumba ile.

Mwaka huu Bi Ruqaiya alishikwa na saratani ya ini. Daktari wa Mombasa alisema nasi kwa upole, akatuambia twende na mgonjwa wetu nyumbani.

Siku ile ya ujumbe nilifunga duka mapema nikaenda Shela. Mjomba alikuwa msikitini. Bi Ruqaiya alikuwa amelala ukumbini, kitanda kimesogezwa karibu na dirisha, mwili umebaki kidogo tu chini ya kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekunja?"

Nikamweleza. Hakushangaa. Aliniuliza tu kama ni mwezi huu au ujao, nikamwambia ujao, akayatazama mapazia.

"Basi nina shida," akasema. "Nina neno langu na mjombako. La radhi."

Kwetu mtu hatakiwi kufa na neno la mwenzake kifuani. Mke humtaka mumewe radhi kwa kinywa chake, amweleze alilomkosea, na mume naye hujibu kwa kinywa chake. Ni jambo la watu wawili. Nikamwambia anieleze mimi, nitamwandikia Mjomba kwenye karatasi, nami nitafunga mdomo mpaka kaburini. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyejitolea kubeba gunia.

"Hili halipiti kwa mtu, Fahima. Lile lisimu si mtu, silionei haya."

"Basi liandike mwenyewe."

"Niandike kwa kujua wapi? Baba alinitia chuoni nikahitimu Kurani, kalamu akanikataza. Alisema mwanamke akijua kuandika atawaandikia wanaume barua." Akatabasamu. "Na mwanamume niliyetaka kumwandikia maishani ni huyu mmoja, tena ndiyo kwanza leo."

"Mwambie leo basi, akirudi. Msikizi bado yupo."

Akakataa. Alisema mke akimtaka mume radhi kabla ya wakati anajiitia mauti, na zaidi ya hayo Mjomba akilisoma lile neno atajua kwamba mkewe amekata tamaa. "Siku yangu nitaijua," akasema. "Wewe nitafutie tu hao watu wako wanisubiri kidogo." Sikumuuliza ni jambo gani. Ndoa ya miaka arubaini ina mahali pengi pa kufichia jambo, na kusema kweli niliogopa kulijua.

Wiki ile ile kampuni ilituita sisi wenye maduka wa Pwani nzima kwenye hoteli moja ya Watamu, tukaelezwe mambo. Ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine hata nikajifunika buibui vizuri. Aliyetueleza ni Bridgit, mkuu wa eneo letu, mama wa makamo kutoka Nairobi, mwenye sauti ya chini na adabu zake. Ukutani alionyesha duara lenye nembo ya Solanda, na kulizunguka visanduku sita vimeandikwa siasa, uchumi, jamii, teknolojia, mazingira, sheria. Kila kisanduku kilikuwa na mshale, na kila mshale ulilichoma lile duara.

Akavieleza kimoja kimoja. Mataifa mawili makubwa yamegombana, yametozana ushuru, na simu inayopita baina yao inafika ghali. Dola imepanda, shilingi yetu imerudi nyuma. Vijana wa siku hizi wanakaa na simu zao miaka mingi kabla ya kununua nyingine. Bara jingine limetunga sheria kwamba sauti za watu zisisafirishwe ovyo, na zilikokuwa zikipelekwa sauti zetu kuandikwa ndiko huko. Tena kule ziliko zile kompyuta kubwa mvua zimekosekana, mabwawa yamekauka, umeme unagawanywa. Na kila penye mshale kampuni ilikuwa imekata kitu. Hapa imefunga kiwanda, pale imepunguza watu. Kwenye lugha imebakisha zile zenye wanunuzi.

Mzee mmoja wa Kilifi akauliza, hivi Kiswahili chote hiki kinakosa watu? Bridgit akajibu kwamba kina watu wengi wa kusema na wachache wa kununua.

Mimi nililitazama lile duara. Miaka yote nimeuza simu za Solanda nikidhani wao ndio wanaoisukuma dunia, wakiamua tushike nini mkononi na tuzungumze vipi. Kumbe nao wanasukumwa kila upande, kama mpira wa watoto uchochoroni. Ingekuwa siku nyingine ningewaonea huruma. Siku ile nilivitafuta vile visanduku sita nione Bi Ruqaiya yumo katika kipi, na hakuwamo.

Wakati wa chai nikamfuata Bridgit. Nikamweleza habari ya mgonjwa bila kumtaja jina, nikamwomba huduma iongezwe muda kidogo, hata kwa simu moja tu. Aliweka kikombe chini.

"Fahima, ningejua mlango wa kugonga ningegonga," akasema. "Nimeandika kwa wakubwa wangu zaidi ya mara moja. Anayenijibu ananiambia na yeye ameambiwa."

"Aliyeamua ni nani?"

"Nadhani hakuna. Kila mmoja alikata pale alipoambiwa akate, mwisho ikatoka hivi."

Nilikasirika, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba nilimwamini. Mtu mbaya unamtukana ukapumua. Huyu alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi, na kazi yake mwenyewe ilikuwa imo katika hesabu za kukatwa. Alinipa faraja moja tu. Alisema simu zitaendelea kuzihifadhi sauti ndani, na huduma ikirudi siku moja Msikizi ataziandika zote.

"Itarudi lini?"

"Mambo yakigeuka," akasema. "Na sisi tunangoja kama nyinyi."

Nikarudi Shela nikamwambia Bi Ruqaiya kwamba muda hauongezwi. Nilimbembeleza, nikamkasirikia, nikambembeleza tena. Mwisho akakubali kujaribu. Alasiri moja nilipokuwa nikitoka alimpungia mkono mumewe, akamwambia, "Mahdi, nisome." Mjomba akaisogeza simu. Akasoma maneno mawili matatu ya mwanzo, nikauona uso wake ukibadilika. Akaigeuza simu kifudifudi kwenye jamvi, akachukua kofia yake akasema adhana iko karibu, akatoka. Adhana ilikuwa mbali bado.

Siku ya pili akafanya vile vile. Nikamfuata uani, nikamwandikia kwenye simu yangu kwamba mkewe ana neno naye, na siku zinakwisha. Akasoma, akanirudishia simu.

"Nayua ana yambo," akasema, kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia. "Nayua na ni yambo gani, ni la kuaga. Nikishalisoma litakuwa kweli. Niwate kidogo, mwanangu." Nikamwacha.

Basi siku zile za mwisho za Msikizi walizitumia hivyo, mmoja akiogopa kusema na mwengine akiogopa kusoma. Na mimi niliyekuwa na masikio yangu na kalamu yangu sikuwafaa kitu. Mwezi ukaandama. Asubuhi yake Mjomba aliniletea simu dukani, akaniwekea mbele yangu. Kwenye kioo paliandikwa, "Msikizi hapatikani kwa lugha hii. Sauti itahifadhiwa. Itaandikwa huduma ikirejea."

Walijaribu kuzirudia zile ishara za zamani. Mikono ilikuwa imesahau. Bi Ruqaiya akagusa kifundo cha mkono na Mjomba akaenda kufungua mlango, akarudi amesimama katikati ya ukumbi hajui anatakiwa afanye nini. Mwanzo walicheka. Baadaye Mjomba akaacha kushona. Akavuta kiti akakaa kando ya kitanda, akamtazama mkewe usoni mchana kutwa, akijifunza upya mdomo ambao sasa ulikuwa umekauka na kusema kwa shida. Niliwahi kumwona akipitisha kidole kwenye kovu dogo kidevuni mwa Bi Ruqaiya, akamuuliza amelipata lini. Alilipata mwaka wa kwanza wa Msikizi, alipoanguka jikoni. Mjomba alikuwa amesoma kwamba ameanguka, akampa pole, akarudi kwenye kofia yake.

Ijumaa moja baada ya sala Bi Ruqaiya akanishika mkono. "Leo," akaniambia. "Toka ufunge mlango."

"Na simu?"

"Iweke pale pale ilipozoea."

Nikaiwasha nikaiegemeza kwenye mto, nikatoka. Uani nikafungua mfereji wa maji ndooni ili nisisikie hata herufi. Ndoo ikajaa, ikamwagika, nikaiacha imwagike. Lakini sauti ya kiziwi haizuiwi na mfereji. Baada ya muda mrefu nikamsikia Mjomba.

"Nimekuwia radhi, Ruqaiya. Duniani na akhera."

Akarudia. Akarudia tena kwa sauti ya juu zaidi, hata jirani akatoa kichwa dirishani. Nikafunga maji. Nililia pale pale uani mikono yangu imelowa.

Alipotoka alikaa kizingitini. "Amesema sana," akaniambia. "Kwanza alilia, kisha akasema, kisha akalia. Sikupata hata neno moya. Nimemtazama mato tu."

Bi Ruqaiya alifariki Jumapili alfajiri. Tukamzika adhuhuri, watu wakawa wengi, na Mjomba aliwaitikia wote waliompa mkono bila kujua wanamwambia nini.

Miezi ikapita. Duniani mambo yakageuka, kama alivyosema Bridgit, ambaye wakati huo kazi hakuwa nayo tena. Yale mataifa mawili yakapatana. Mvua zikanyesha kule zilikokosekana. Ikazuka kampuni nyingine ya Mashariki ya mbali na simu za bei nafuu, zinazoandika Kiswahili zenyewe bila kupeleka sauti popote, na watu wakazikimbilia. Solanda wakaogopa kuachwa nyuma. Asubuhi moja ujumbe ukaingia. "Mpendwa mshirika, kwa furaha kubwa tunakujulisha kwamba Msikizi wa Kiswahili amerejea." Chini yake ile picha ya mikono miwili, ile ile, hawakuibadilisha hata vidole. Wakanitumia na bango la kutundika mlangoni. Lilikuwa na mzee mwenye kofia anacheka na simu. Nikamwambia Kambi alitundike yeye, mimi nina kazi.

Mjomba alikuja siku hiyo hiyo. Aliweka simu juu ya kabati la kioo, akaigeuza inielekee. Ilikuwa imeandika, "Una sauti moja iliyohifadhiwa. Iandikwe au ifutwe?"

Pale chini ya kioo kilichochujuka palikuwa na neno la Bi Ruqaiya, lile alilonitoa nje nisilisikie, na kilichobakia ni kugusa. Niwe mkweli, nilitaka aguse. Nilitaka kujua. Miezi yote ile nilikuwa nimelipima lile jambo kila upande, nikikumbuka nani alikuja nyumba ile na lini, na nilijichukia kwa kufanya hivyo.

Nikachukua karatasi nikamwandikia: "Unataka uwe peke yako ulisome?"

Mjomba akatikisa kichwa kukataa.

"Nilimuwia radhi sikuyua ni ya nini," akasema, na Kambi na wateja wawili waliokuwepo wakasikia, kwa sababu hakujua kusema polepole. "Yeye alikufa akiyua nimemuwia. Nikisoma sasa, na moyo ukatae, nitamrudia kaburini nimwambie nini?" Akaigusa simu kwa ukucha. "Sauti yake siwezi kuisikia. Maneno yake nimeshayasamehe. Changu humu ni kipi?"

Akagusa palipoandikwa futa. Simu ikamuuliza kama ana hakika. Hapo akasita. Nikaona kwamba hakuwa na hakika hata kidogo, na kwamba lile lilikuwa jambo zito kuliko yote niliyowahi kumwona akifanya. Akagusa ndiyo. Kioo kikawa cheupe, na katikati yake pakajiandika kwa herufi ndogo, "Nasikiliza."

Tukakitazama sote wawili. Hakuna aliyesema, basi hakikuandika kitu. Huduma ilikuwa imerudi, nzuri kuliko mwanzo, na nyumba ya Shela haikuwa na wa kusikizwa.

"Maneno yake niliyasoma miaka yote ile," Mjomba akasema. "Uso wake nikauwata." Akaigeuza simu kifudifudi juu ya kabati, akanipa mgongo akatoka.

"Mjomba," nikaita. Akaendelea kwenda. "Mjomba!"

Nikazunguka kabati mbio, nikampita Kambi na ngazi yake chini ya lile bango, nikatoka barabarani. Nilimpita na yeye, nikageuka nikasimama mbele yake juani, watu wakinitazama. Akasimama. Macho yake yakashuka kutoka machoni mwangu yakatua mdomoni, yakangoja.

"Niwie radhi," nikamwambia polepole.

Alinitazama mpaka nikadhani hakunielewa.

"Nimekuwia, mwanangu," akasema, wala hakuniuliza ni ya nini.